Si Kila Ndege wa Kahawia ni Mwizi

Ugomvi wangu na picha za ndege una umri wa zaidi ya miaka 40, na naona wakati umefika wa kuusema hadharani. Nasema picha, sisemi ndege. Ndege wenyewe hawajanikosea kitu. Walionikosea ni wale waliotufundisha, nami nikawafundisha wengine, kwamba ndege hujulikana kwa rangi ya manyoya yake, na kwamba rangi hiyo ni moja tu, ile iliyochapwa kwenye karatasi. Huo ni uongo, tena ni uongo wenye gharama. Gharama yake sikuilipa mimi. Ililipwa na bibi mmoja mjane aliyekuwa na shamba la uwele nyuma ya shule niliyofundisha.

Mwaka 1981 nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi ya kijiji kimoja mkoani Dodoma. Ukutani mwa darasa la tano palikuwa na chati ya ndege wa nchi yetu. Sijui ilifikaje pale. Niliikuta, imekwisha kuliwa na mchwa pembe moja. Ilikuwa na ndege 24. Alikuwapo kweche, mwekundu kama kaa la moto, uso na tumbo vyeusi. Alikuwapo fumbwe na mkia wake ule mrefu kama utepe wa bibi arusi. Walikuwapo chozi anayemetameta juani na mbuni mweusi mwenye mabawa meupe. Watoto waliipenda chati ile kuliko kitu chochote mle darasani, na mimi niliipenda kuliko wao.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimekwisha hama, niliikumbuka usiku mmoja nikaanza kuwahesabu ndege wale kichwani. Ndipo nilipogundua jambo ambalo halikunijia hata mara moja nilipokuwa nikisimama mbele yake na fimbo ya kuonyeshea. Karibu wote walikuwa madume, tena madume waliovaa nguo za sherehe. Hapakuwa na jike wa kweche. Hapakuwa na jike wa fumbwe. Mtu aliyeitazama chati ile angeweza kudhani kwamba ndege wa Afrika huzaana kwa miujiza.

Nieleze kidogo, kwa faida ya msomaji ambaye hakupata kuwachunguza. Kweche dume huvaa wekundu wake msimu wa mvua tu, wakati wa kujenga na kutafuta wake. Msimu ukiisha hupukutisha manyoya yale na kuota mengine ya kahawia yenye michirizi, akafanana na mkewe. Mkewe, kwa upande wake, ni wa kahawia yenye michirizi mwaka mzima, na anafanana na jike wa fumbwe, ambaye anafanana na kweleakwelea, ambaye ukimtazama kwa mbali anafanana na shomoro. Kwa hiyo jike hana siku hata moja anayofanana na picha ya kabila lake, na dume mwenyewe hufanana nayo kwa miezi michache tu. Ni sawa na mtu anayetaka kumjua jirani yake kwa picha moja aliyopigwa siku ya arusi, kisha amkute shambani na jembe begani, jasho linamtoka, aseme: "Huyu simjui, bila shaka ni mwizi."

Naam, ndivyo nilivyosema mimi.

Ilikuwa mwezi wa Machi, uwele umetoa masuke, na masuke yameanza kuwa na maziwa. Kila mkulima wa Dodoma anajua maana ya wiki hizo. Kweleakwelea ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku anaweza kula nafaka kiasi cha gramu 10. Hesabu hiyo nilikuwa nikiiandika ubaoni: ndege milioni moja, gramu 10 kila mmoja, jibu ni tani 10 kwa siku. Wanafunzi walikuwa wakicheka wakidhani ni hesabu ya kitabuni. Na milioni moja si kundi kubwa kwa ndege huyu. Barani Afrika hukadiriwa kufikia bilioni 1.5 baada ya msimu wa kuzaa. Tuliagizwa shule zisaidie kutafuta mahali wanapozaa ili viota viharibiwe kabla makinda hayajaruka. Mimi, kwa vile nilikuwa na chati ukutani, nilijiona mtaalamu.

Pale kijijini palikuwa na lambo la maji, na ukingoni mwake kulikuwa na matete marefu. Nilikwenda nikakuta viota, na viotani wakiingia na kutoka ndege wa kahawia wenye michirizi, wengi. Kati yao waliruka kweche wekundu wachache, nikawatambua mara moja, wale wa kwenye chati. Niliwaona kama wageni waliojichanganya na jeshi la wezi. Mtoto mmoja aliangusha ndege wa kahawia kwa manati akaniletea. Nilikuwa na kijikaratasi chenye picha ya kweleakwelea, nikamlinganisha. Michirizi ilikuwa ileile. Mwili ulikuwa uleule. Nikasema ndiye. Nilisahau, au sikutaka kukumbuka, kwamba picha ile ilikuwa nyeusi na nyeupe.

Tuliyafyeka matete kwa siku tatu. Watoto waliingia majini hadi magotini, wakakata kwa mundu, tukayarundika na kuyachoma kwa shida kwa sababu yalikuwa mabichi. Mayai yalipasuka motoni. Hata mayai hayakunionya: ya ndege wote wawili yana rangi ya samawati. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, akaja bibi yule mjane. Wajukuu wake wawili walikuwa wanafunzi wangu, na kazi yao ya asubuhi kabla ya shule ilikuwa kukaa juu ya dungu na kuamia uwele wake. Siku tatu zile nilikuwa nimewachukua alfajiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwachukua watoto. Ndege wameshuka shambani."

Nikamwambia kwa fahari kwamba asiwe na wasiwasi, tumekwisha wamaliza. Akainama, akaokota ndege mmoja aliyekufa kando ya moto, akamgeuza, akampapasa mdomo kwa kidole gumba.

"Hawa wamekukosea nini, mwalimu?"

"Si ndio kweleakwelea, bibi? Wanaokula uwele wako."

"Huyu ni mke wa yule," akasema, akamwonyesha kweche mwekundu aliyekuwa akizungukazunguka juu ya moshi. "Yule ana wake wanne, watano. Kila mke na kiota chake. Umechoma nyumba za wake, ukambakiza mume."

Nikamwuliza kweleakwelea wako wapi basi. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza maji yako wapi naye amesimama kisimani. Akaniambia kwamba kweleakwelea hajengi hivi, mmoja hapa na mwingine kule kama watu waliogombana. Hujenga kwenye migunga, juu ya miiba, kiota juu ya kiota, mpaka tawi linainama. Niende ng'ambo ya korongo, na nitawasikia kabla sijawaona.

Nilikwenda kesho yake. Niliwasikia kabla sijawaona.

Shamba la bibi lilikuwa limekwisha. Si lote, lilibaki la kujaza vikapu vichache. Mwaka ule alikula unga wa njano, ule tuliouita yanga, kama wengine wengi katika miaka ile migumu. Mshahara ulipotoka nilimpelekea debe moja la mtama. Alilipokea kwa mikono miwili akanishukuru, na shukrani ile iliniuma kuliko tusi.

Najua jibu nitakalopewa. Kosa lilikuwa la ujinga wako, mwalimu; usiyasingizie manyoya. Nakubali nusu. Manyoya sikuyasingizia, na sasa nitayatetea. Nusu ninayoikataa ni ile inayosema kwamba ujinga ule ulikuwa wangu peke yangu. Ujinga ule ulichapwa kwa rangi, ukatundikwa ukutani, ukatahiniwa. Mtoto aliyeandika "kweche ni mwekundu" alipata alama. Mtoto ambaye angeandika "kweche ni wa kahawia" angekosa, ingawa angekuwa amesema kweli kwa kila jike na kwa kila dume wa kiangazi.

Na wala kweleakwelea mwenyewe hana vazi moja. Dume wakati wa kuzaa huwa na uso mweusi kama aliyejipaka masizi, lakini wengine uso wao ni mweupe, na kuzunguka uso huo mmoja ana wekundu hafifu na mwingine ana manjano. "Tazama mdomo," husema wajuzi, "mdomo wake ni mwekundu." Ni kweli, ila jike anapotaga mdomo wake hugeuka manjano. Kwa hiyo mwenye kushika kanuni ya mdomo mwekundu, akienda kwenye migunga mwezi ule ule wa hatari, atakuta nusu ya ndege wamemkana. Bibi yule alipapasa mdomo, lakini hukumu yake hakuitoa kwa mdomo peke yake. Alitazama na kiota, na mti, na mwezi, na jinsi wanavyokaa pamoja.

Sasa niyatetee manyoya. Unyoya mmoja tu, ukiulizwa vizuri, husema mambo ya kushangaza. Tarehe 29 Novemba 1973 ndege ya abiria ilikuwa ikiruka juu ya Abidjan, Ivory Coast, kwenye futi 37,000, yaani zaidi ya kilometa 11 kutoka ardhini, ikagongana na kitu. Injini moja iliharibika ikazimwa, ndege ikatua salama. Kitu gani kinaruka huko juu? Mabaki yalikuwa manyoya machache, mengine vipande tu. Yakapelekwa Washington, kwenye jumba la makumbusho lenye maelfu ya ngozi za ndege, yakalinganishwa, na jibu likapatikana: tumbusi wa Rüppell, ndege wetu wa Afrika. Hadi leo hakuna ndege mwingine anayejulikana kuwa amefika juu kiasi hicho. Hayo yalisemwa na manyoya. Lakini aliyeyauliza hakuishia kwenye rangi. Aliuliza urefu, umbo, madoadoa ya kingo, na namna vinyuzi vyake vidogo vilivyoumbwa.

Hata sisi tusio na jumba la makumbusho tunaweza kuuliza. Okota unyoya njiani. Kama uti wake umepita kando, upande mmoja mwembamba na mwingine mpana, huo ni wa bawa. Upande mwembamba ndio uliokuwa ukikata upepo. Kama pande mbili zinalingana, aghalabu ni wa katikati ya mkia. Kama umelegea kama nywele na vinyuzi vyake havishikani hata ukivipitisha vidoleni, ni wa mbuni, kwa maana mbuni hana vile vishikizo vidogo vinavyofunga unyoya wa ndege arukaye. Kama ni wa buluu inayong'aa na umetoka kwa kwenzi, usage uone: buluu itapotea, utabaki na unga wa giza, kwa sababu ile haikuwa rangi bali mchezo wa mwanga ndani ya unyoya. Lakini ukiokota unyoya mwekundu wa bawa la shorobo, yule ndege wa msituni mwenye kishungi, hapo rangi ni rangi kweli, na ina shaba ndani yake. Mwaka 1869 mkemia wa Uingereza, A. H. Church, alieleza habari ya rangi hiyo. Haipatikani kwa ndege wengine, na maji ya sabuni huweza kuichuja. Wekundu wa kweche na wekundu wa shorobo, kwa jicho ni wekundu mmoja. Ukweli ni kwamba hawana undugu wowote.

Na kuna unyoya wa bundi. Huu niliupata mwenyewe nyuma ya choo cha shule, nikamwonyesha bibi yule, maana baada ya mkasa wa lambo nilikuwa nikimtembelea mara kwa mara. Ukingo wa mbele wa unyoya wa nje wa bawa la bundi una meno madogo kama kitana, na uso wake ni laini kama mahameli. Ndiyo sababu bundi hupita juu ya kichwa chako usisikie kitu. Nilimweleza bibi kwamba kinachotutisha ni kitana hiki, si uchawi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nikautupe mbali unyoya ule, tena nisiupitishe mlangoni pake. Nilishindwa mjadala, na bundi waliendelea kupigwa mawe pale kijijini. Nalisema hili ili nisionekane mmoja wa wale wanaoimba kwamba wazee wanajua kila kitu. Bibi alimjua kweche kuliko mimi. Bundi alimjua vibaya. Mtu akijua jambo, anajua jambo hilo.

Lakini wapo wanaokosea upande wa pili, nao ndio wenye madaraka zaidi. Kwao mkulima wa kijijini hana la kusema juu ya ndege mpaka mwenye kitabu afike. Hao ningewakumbusha habari ya kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini kwenye milima ile, na baada ya kula waliona ndani ya chungu miguu ya ndege wasiyoijua. Manyoya yalikuwa yamekwisha nyonyolewa na nyama imekwisha liwa. Kutokana na miguu ile wakamtafuta ndege mzima, na mwaka 1994 akatangazwa kwa ulimwengu wa sayansi kuwa ni ndege mpya. Mpya! Aliyemtia chunguni hakuona upya wowote. Sijapata kusikia hadithi inayoeleza vizuri zaidi umbali uliopo kati ya wanaowajua ndege kwa kuandika na wanaowajua kwa kuishi nao.

Wapo pia ndege ambao manyoya hayasaidii sana hata kwa mtaalamu, na ni vizuri mwanafunzi aambiwe hivyo mapema. Katika jamii ya fumbwe kuna wadogo weusi wenye mng'ao wa buluu au zambarau. Jike hutaga mayai yake katika viota vya ndege wengine wadogo, kila aina na mwenyeji wake. Madume wa aina mbalimbali wamefanana mno, na watafiti hutegemea sana wimbo kuwatenganisha, kwa sababu kila dume huiga wimbo wa ndege aliyemlea. Hapo mwenye macho peke yake ni kipofu.

Hata kwa wakubwa mambo ni hayo hayo. Pungu, yule tai mwenye mkia mfupi unaomfanya aonekane kama amekatwa nyuma, akiwa kijana ni wa kahawia mtupu na mkia wake ni mrefu zaidi. Humchukua miaka 7 au zaidi kupata vazi la utu uzima. Katika miaka hiyo yote hafanani na picha yake. Akikomaa, mtazame chini ya bawa: jike ana ukingo mwembamba mweusi, dume ana ukingo mpana. Na wale kwenzi wawili wa Serengeti, wenye kifua cha buluu na tumbo la rangi ya kutu! Mmoja ana mstari mweupe kifuani na jicho jeupe, mwingine hana mstari na jicho lake ni jekundu. Rahisi, sivyo? Basi subiri umwone kinda wa yule wa kwanza, jicho lake bado jeusi na mstari wake haujakolea, ndipo utakapojua kama uliwajua kwenzi au ulijua picha.

Nimekawia kwenye manyoya kwa sababu nayapenda. Turudi kwenye kuua.

Njia iliyotumika zaidi dhidi ya kweleakwelea katika nchi zetu ni kunyunyizia sumu, mara nyingi kwa ndege za angani, jioni, mahali wanapolala au kuzaa kwa wingi. Sumu iliyozoeleka ni fenthioni. Haichagui. Anayelala katika matete yale yale hufa. Mwewe na tai wanaokuja kuokota walioanguka hufa baadaye. Sisemi kweleakwelea waachwe. Asiyewahi kuona shamba la uwele likiwa mabua matupu kabla ya saa nne asubuhi asinifundishe huruma. Nasema kwamba rubani hasomi manyoya. Lazima awepo mtu chini, kwa miguu, kabla ya rubani, aliyewatazama ndege wale na kujua ni akina nani, majike kwa madume, na ni nani wengine wamelala nao. Na lazima arudi asubuhi kuhesabu waliokufa kwa aina zao, si kuandika tu kwamba "ndege wengi waliangamizwa." Neno "ndege" katika taarifa ya namna hiyo ni neno la kujifichia. Mimi nililitumia. Katika taarifa yangu ya mwaka 1981 niliandika kwamba viota vya ndege waharibifu viliteketezwa. Hakuna aliyeniuliza ni ndege gani.

Watu wa Kondoa, jirani zetu, huwanasa kweleakwelea kwa ajili ya kitoweo na biashara. Mnasaji humshika kila ndege mkononi, na anaweza kumtambua na kumwachia asiyetakiwa. Sidai kwamba mitego inatosha kwa makundi ya mamilioni. Nadai kwamba katika njia zote tulizo nazo, hiyo ndiyo ambayo muuaji humtazama anayeuawa, na haikupewa fedha wala heshima kama ndege ya kunyunyizia.

Kuna rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, aliyenipinga vikali nilipomsomea haya. Alisema kwamba mtoto wa darasa la tano hawezi kubeba yote hayo: jike, dume, kinda, masika, kiangazi, mpe kwanza mwekundu mmoja apende, mengine yatafuata. Ni hoja ya mtu aliyefundisha, siidharau. Lakini hayakufuata. Miaka 40 nimeyasubiri yafuate. Nenda leo ukamwulize kijana aliyemaliza shule ataje ndege wadogo anaowajua, atakutajia rangi mbili tatu, na waliobaki wote atawaita "ndege tu" au "hawa wa kahawia." Na mtoto yule yule tunayesema hawezi kubeba mengi anajua kutofautisha mbuzi 30 wa baba yake kwa masikio na kwato, jike na dume, aliyezaa na asiyezaa, gizani. Hatukumpunguzia mzigo. Tulimnyang'anya kipimo alichokuwa nacho nyumbani tukampa picha.

Mjukuu wangu ana simu inayotambua ndege. Juzi alimpiga picha ndege wa kahawia aliyekuwa akiokota chenga uani, akaiuliza simu. Nilikuwa tayari kuibeza. Kumbe ile simu kwanza iliuliza tuko wapi na ni tarehe gani, kisha ikaleta majina matatu badala ya moja, ikamwachia yeye achague. Nilinyamaza. Kwa kweli ilikuwa na adabu kuliko mimi wa mwaka 1981.

Mwaka jana nilichora chati yangu mwenyewe, kwa mkono, nikaipeleka katika shule moja karibu na ninapoishi sasa. Kweche nimemchora mara nne: jike, dume wa kiangazi, dume anayebadili manyoya akiwa na mabaka kama nguo iliyochujuka, na dume wa masika, huyu nimemweka pembeni na nimemchora mdogo kidogo kuliko wengine, kwa makusudi. Kweleakwelea nimemchora mara tano, kwenye tawi la mgunga, majike wawili wakiwa na midomo ya manjano. Fumbwe nimemchora jike tu. Mwalimu mkuu, kijana mstaarabu, aliikunjua juu ya meza, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa heshima zote kama rangi ziliniishia.